Sombe, sambaza na kasiksi: chakula cha kwetu kinapita wapi mpaka kufika ku sahani?

Ukimuuliza mkaaji wa Goma, Bukavu ao Uvira chakula cha kwao ni nini, hatafikiri muda mrefu. Bugali. Sombe. Maharagi. Sambaza kwa wale wa ziwa Kivu, ndagala kwa wale wa Tanganyika. Viazi ya Masisi, na siku ya arusi ao ya kilio, kasiksi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotoka mbali. Muhogo inalimwa Kalehe, Walungu na mu bonde la Ruzizi. Samaki iko mu maji ambayo mtu anaona akifungua dirisha. Na bado, mama akifika soko anakuta fungu la sambaza limekuwa dogo, na kopo ya Guigoz ya maharagi imebadilisha bei tena.

Mara mingi watu wanajibu kwa neno moja: vita. Ni kweli, lakini neno hilo ni kubwa sana, linafunika mambo mingi. Mu mwezi wa Machi 2025, IPC, ile mfumo serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa wanatumia kwa kupima njaa, ilihesabu watu milioni 27,7 wenye njaa kali mu Kongo yote. Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri zilikuwa kati ya majimbo yaliyoumizwa zaidi. Haya ni majimbo yenye mvua misimu miwili kwa mwaka, yenye maziwa, na sehemu zingine zenye udongo wa volkano ambao mtu akitupa mbegu inaota yenyewe. Kwa hiyo si swali la kujua kama chakula kinaota. Kinaota. Swali ni kinapita wapi, na mu mikono ya nani.

Kilometa 25 zenye milango mingi

Chukua Goma. Mji huu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, haulimi karibu kitu. Unakula kwa barabara tatu na ziwa moja. Barabara ya Sake inaleta viazi, maharagi, maziwa na fromaji za Masisi. Ile ya Rutshuru inaleta mahindi, maharagi na ndizi. Ile ya Minova inaleta sombe, muhogo na mboga za Kalehe. Kisha kuna maji, ambako boti zinatoka Idjwi na Bukavu. Mu Februari 2024, mapigano karibu na Sake na Shasha yalikata barabara ya Minova, na soko za Goma zikasikia mara moja. Sombe ni jani tu, jani ambalo zamani jirani alikuwa anakupa bure ukipita kwake na kikapo. Ikawa kitu cha kuhesabia pesa.

Mizigo haikusimama. Ilihamia mu ziwa. Mama waliokuwa wanapanda gari Minova wakaanza kupanda boti kuelekea Kituku. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama pale pale mbele ya Kituku, watu wakiangalia kutoka ku nchi kavu. Ilikuwa imejaa kupita kipimo. Makumi ya watu walikufa. Wakaaji wa Goma hawajasahau siku ile, lakini wachache wanaiunganisha na chakula chao. Boti ilijaa sababu barabara ilikuwa imefungwa, na mtu anayetafuta pesa ya kulisha watoto hangoji barabara ifunguliwe.

Mu Januari 2025 AFC/M23 ikachukua Minova, Sake na kisha Goma. Katikati ya Februari ikaingia Bukavu. Mstari wa mapigano ukasogea, barabara zingine zikafunguka tena. Lakini kufunguka kwa barabara na kuwa rahisi kwa barabara ni mambo mawili. Mkaaji wa Kivu anajua bariere. Mu mwaka wa 2017, watafiti wa IPIS walihesabu bariere 798 mu Kivu zote mbili. Zingine zilikuwa za vikundi vya silaha, zingine za watu wa serikali wenyewe. Hesabu ile ni ya zamani, na wenye kushika kamba wamebadilika mahali pengi. Kazi ya kamba ni ile ile. Na kabla mfuko haujafika ku barabara, kuna vijiji ambako mkulima alikwisha kulipa jeton ya lala salama, yaani analipa ili awe na haki ya kulala kwake. Yote hiyo inaingia mu kopo ya maharagi, ingawa hakuna anayeiandika popote.

Hapo njo mchele wa kutoka ngambo unapata nguvu yake. Mchele wa Asia unashuka Mombasa ao Dar es Salaam, unapanda lori, unafika ku mpaka na karatasi zake. Unalipa, tena mingi, lakini mwenye mzigo anajua kiasi karibu sawa kabla lori haijaondoka. Mfuko wa maharagi wa Masisi unalipa kidogo kidogo, hapa na pale, bila risiti, na mwenye mfuko hajui jumla mpaka anapofika Sake, kilometa karibu 25 na Goma, na safari haijaisha. Tajiri mwenye lori kumi anaweza kubeba hasara ya safari moja. Mama wa mifuko miwili hawezi. Akipoteza mara moja, anaacha biashara, na wale wanaobaki ni wachache, na wachache njo wanapanga bei.

Banki nazo zilifunga milango Goma mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu. Watu wamesema sana juu ya wafanyakazi wasiopata mushahara, na ni haki. Lakini mama wa soko, hata asiye na akaunti, aliguswa vile vile, sababu yule anayemkopesha mali alikuwa nayo. Likilimba zikabaki kuzungusha noti zilizopasuka, zile ambazo muuzishaji anazigeuza mara mbili mu vidole kabla ya kukataa.

Fromaji ya Masisi inaonyesha jambo hilo kwa ufupi. Ni chakula cha Kivu ambacho Kinshasa inakijua kwa jina. Ilikuwa inapanda ndege Goma na kufika huko ikiwa bado mpya. Uwanja wa ndege ulifungwa mwisho wa Januari 2025. Ng'ombe haijui habari hiyo, inaendelea kutoa maziwa kila asubui.

Sombe inakula makala

Juu ya sombe, watu wanahesabu bei ya majani na kusahau bei ya moto. Jani la muhogo lina sumu, na mababu walijua namna ya kuitoa: kutwanga vizuri, kisha kuchemsha muda mrefu. Sombe haivumilii haraka. Ni sufuria inayokaa ku mbabula saa mingi, na kila saa ni makala.

Makala ya Goma, kwa sehemu kubwa, imekuwa inatoka mu misitu ya Hifadhi ya Virunga, na biashara hiyo ina watu wake wa silaha tangu miaka mingi. Makala ikipanda, sombe imepanda mara ya pili, bila mama aliyeichuma kuongezewa hata franka. Kisha kuna mafuta ya ngazi. Yale yanayotoka upande wa Beni yalikuwa yanashuka kupitia Butembo na Kanyabayonga. Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga ilianguka mu mikono ya M23, na jimbo likawa limekatika vipande viwili. Mwenye mafuta yuko upande mmoja, mwenye sombe upande mwingine.

Familia inafanya nini? Inapunguza. Kupunguza mafuta ni kupoteza ladha, na mtu anazoea. Kupunguza moto, ao kupunguza siku za muhogo mu maji, hapo hatari inaanza, na haisemwi vya kutosha mu redio zetu.

Muhogo chungu inaomba kukaa mu maji siku tatu ao zaidi, kumenywa, kukaushwa vizuri, ndipo ifike ku mashini. Lakini mtu aliyekimbia, anayerudia shamba lake asubui na kuliacha mchana, hana siku tatu. Anaogopa wezi, ao anaogopa risasi, ao watoto walilala njaa. Anaitoa siku ya pili. Unga inaonekana nyeupe kama kawaida, bugali inashikana kama kawaida. Ugonjwa unaotoka hapo unaitwa konzo: miguu inakataa kwa ghafla, mara nyingi kwa watoto na kwa mama walio mu umri wa kuzaa, na hairudi kuwa sawa. Daktari Giovanni Trolli aliuelezea mu 1938 huko Kwango, magaribi ya nchi, na kwa muda mrefu watu wa huku walifikiri ni ugonjwa wa kule. Mu 2011 watafiti walitangaza kwamba umetokea Kivu ya Kusini, na walionyesha vita kuwa sehemu ya sababu.

Kuna jambo mama mwenye haraka anaweza kufanya, na halihitaji dawa. Unga iliyokwisha kusagwa inachanganywa na maji, inatandazwa nyembamba ku sahani pana ao ku kitunga, na kuachwa saa mbili ku jua, ao saa tano mu kivuli. Sumu iliyobaki inaenda na hewa. Kisha inapikwa bugali siku ile ile. Njia hii ilijaribiwa Kwango na iliokoa vijiji. Haichukui nafasi ya kuloweka, lakini ni bora kuliko kupika unga ile ile na kuomba Mungu.

Na kuna jambo la pili, ambalo linabadilisha namna ya kuangalia sahani yetu. Mwili unapigana na sumu ile kwa kutumia nguvu unayopata mu samaki, nyama na maharagi. Mtu anayekula bugali na sambaza ana kinga ambayo mwenye kula bugali na majani peke yake hana. Kwa hiyo wakati fungu la sambaza linapungua, hatari ya bugali inaongezeka, hata kama bugali haijabadilika.

Samaki mwenye umri wa babu

Watu wengi wanasema sambaza ni ya asili ya ziwa Kivu. Si kweli. Ililetwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, sababu katikati ya ziwa Kivu hakukuwa samaki anayekula vidudu vidogo vya maji ya wazi. Maana yake kuna wazee mu Idjwi na Kalehe waliozaliwa wakati chakula hiki cha kwao hakikuwapo bado. Jambo hilo halipunguzii sambaza heshima. Inaonyesha tu kwamba chakula cha nyumbani kinaweza kuzaliwa, na kwa hiyo kinaweza pia kufa.

Ziwa Kivu ni kubwa kwa macho, lakini ghala yake ni nyembamba. Chini ya maji kuna gazi, na hakuna hewa ya samaki kupumua. Sambaza inaishi mu sehemu ya juu tu. Wavuvi wanaifuata usiku, pirogi tatu zimefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikivuta samaki, neti chini. Mwezi ukiangaza sana, taa haina kazi, wanapumzika. Ni uvuvi unaohitaji giza. Na mu Kivu, usalama ukiharibika, usiku njo unafungwa wa kwanza. Siku ambayo hakuna anayetaka kuona taa mu ziwa, asubui hakuna fungu mu soko.

Tena, mpaka wa Kongo na Rwanda unapita katikati ya maji, na maji hayana kamba. Mara na mara wavuvi wa Kongo wamekamatwa wakisemwa wamevuka, na kupoteza neti pamoja na pirogi. Kosa lingine ni la wavuvi wenyewe, na lazima kulisema: neti za mustikere, ambazo zinabeba hata watoto wa samaki. Anayevuta mustikere leo anajilalamikia mwenyewe mwaka ujao, lakini anamharibia na jirani.

Huko Tanganyika walichagua njia ngumu. Nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kufunga uvuvi miezi mitatu kwa mwaka, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili ndagala na wenzake wazae. Sababu ipo. Tangu 2003 watafiti wameandika kwamba maji ya ziwa lile yanapata joto, hayachanganyiki vizuri kama zamani, na chakula cha samaki kinapungua. Lakini sheria ile ile inafika tofauti mu kila mlango. Muvuvi wa Uvira, Baraka ao Kalemie akiweka neti chini miezi mitatu, mara nyingi hana shamba la kukimbilia: milima ya Fizi na bonde la Ruzizi zina bunduki zao. Kusema "pumzisha ziwa" ni haki. Kusahau kumwambia atakula nini mu Juni ni kumfundisha kuvua usiku kwa kuiba.

Wakati sambaza na ndagala zinakosekana, nafasi yao haibaki wazi. Inaingia samaki ya barafu, chinchard ambayo wote wanaiita thomson, na dagaa kavu ya ziwa Viktoria inayopita Uganda. Ni chakula kizuri, hakuna wa kukilaumu. Lakini pesa ya fungu moja la sambaza inalipa muvuvi wa Kalehe, mama anayekausha, mwenye boti na mama wa soko. Pesa ya thomson inatoka mu mji na hairudi.

Kasiksi na mgomba mgonjwa

Kinywaji nacho kina habari yake. Mu Juni 2025 Heineken, mwenye Bralima, ilitangaza kwamba haisimamii tena viwanda na ofisi zake za Bukavu na Goma, na kwamba imeondoa wafanyakazi wake. Chupa ya Primus, ambayo mu Bukavu ilikuwa kitu cha mtaa, ikaanza kuulizwa inatoka wapi. Mtu angefikiri kwamba saa ya kasiksi imefika. Haihitaji kiwanda: ndizi zinaivishwa mu shimo, zinakamuliwa na majani, maji yale matamu yanachanganywa na unga ya mutama iliyokaangwa, siku chache zinapita, na watu wanakaa kuzunguka na mirija. Bila kasiksi, mu vijiji vingi vya Bashi na Bahavu, mahari haizungumzwi na kilio hakimaliziki.

Lakini mgomba unaumwa. Ugonjwa wa bakteria unaoitwa BXW ulionekana Masisi mu 2001, na toka pale ukashuka mpaka Kivu ya Kusini. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya saa na ndani zinaoza, na ukikata shina maji ya manjano yanatoka. Wadudu wanauchukua kwa ua la chini, lile jekundu. Mupanga inauchukua kwa haraka zaidi. Na ndizi ya pombe njo imeumizwa sana, sababu ua lake linapendwa na wadudu.

Dawa ya kupuliza hakuna. Kuna kazi ya mikono: kuvunja ua la chini kwa kijiti chenye panda, bila kutumia chuma, mara tu kichana cha mwisho kikionekana, kupitisha mupanga mu moto ao mu javeli kabla ya kwenda ku mgomba mwingine, kukata shina lenye ugonjwa chini kabisa, karibu na udongo, mara unapoliona. Mkulima anayelala kwake anaweza kuifanya, na wako waliofaulu Masisi na Kabare. Mkulima aliye mu kambi hawezi. Anarudia kisha mwaka mmoja, anakuta shamba lote limeoza, na la jirani pia, sababu hakuna aliyekuwa anaangalia.

Nafasi ya kasiksi imechukuliwa na kanyanga na chupa ndogo za plastiki, zile zenye kuuzwa bei ya mkate na kulewesha kijana kabla ya saa sita. Ni kubadilisha kinywaji cha watu kumi mu chungu kimoja na kinywaji cha mtu mmoja nyuma ya ukuta. Aliyepika kasiksi alikuwa anajulikana kwa jina, na ikiwa mbaya, kesho yake alikuwa anasikia maneno. Aliyejaza chupa ndogo, nani anamujua?

Shamba lililoshikwa na BXW kote, ndizi haipandwi tena mara moja. Wataalamu wa kilimo wanashauri kuondoa yote na kungoja karibu miezi sita, wakati huo mtu apande maharagi ao viazi vitamu. Kisha chipukizi safi, na kutoka hapo mwaka mmoja ao zaidi mpaka kichana cha kwanza. Mwenye kuanza leo mu Kalehe ao Kabare atakamua kasiksi yake kisha karibu miaka miwili, kama kwa muda huo wote hatakimbia tena.